Hii inakinga mpaka lini?

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Elimu ya afya ya uzazi kwa wasichana wa vijijini ianze darasa la ngapi?" Nimefundisha Biolojia miaka 14, kwa hiyo jibu nilikuwa nalo kabla sijamaliza kulisoma swali. Ianze darasa la nne, na unyago upigwe marufuku, basi. Nikaandika hivyo nikaenda kuinjika chai. Niliporudi nikakuta jibu limekaa vizuri lakini mimi mwenyewe silisadiki.

Mwaka 2011 nilipangiwa sekondari ya kata mkoani Mtwara, juu kwenye uwanda wa Makonde, mahali ambapo maji yananunuliwa kwa ndoo na Desemba ni ya mambo mawili: pesa za korosho na ngoma. Shule ikifunguliwa Januari, kabla ya kufyeka majani wala kugawa madaftari, wasichana walikuwa wanapimwa mimba. Wenzangu mliopita shule hizo mnaujua mstari ule. Ulikuwa nyuma ya vyoo. Nesi alikuja na pikipiki, boksi la vipimo kifuani. Kila msichana alishika chupa ya maji iliyokatwa nusu, nami nilishika daftari la mahudhurio: jina, tiki, jina, tiki. Mstari mmoja kwenye kipimo, unarudi darasani. Miwili, unaitiwa mzazi, na enzi hizo ndiyo ilikuwa mwisho wa shule. Tulichowaambia ni "jaza, leta", hakuna kingine.

Msichana mmoja wa kidato cha nne alinipa chupa yake lakini hakuiachia. "Madamu, hii inakinga mpaka lini?"

Sikumwelewa. Akanifafanulia taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: mwaka jana walipimwa mwezi wa kwanza na mwezi wa saba; sasa akipimwa leo, itamkinga mpaka mwezi wa saba, au inaisha nguvu kabla?

Alidhani ni chanjo. Nesi alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka. Kisha nikamwambia, "Sogea, wenzako wanasubiri."

Binti huyo hakuwa mzito wa kuelewa. Novemba ya kabla ya hapo, kwenye mtihani wangu mwenyewe, alichora via vya uzazi vya mwanamke, akaweka majina yote, nikampa alama zote nane. Ila majina yalikuwa ya Kiingereza, maana ndiyo lugha ya kufundishia sekondari, na kwa mwalimu mwoga Kiingereza ni kichaka kizuri. Ovari ubaoni haimtoi mtu jasho. Mengi ya maneno hayo kwa Kiswahili cha nyumbani ni matusi, kwa hiyo sikuwahi kumwambia kwa lugha anayoiota usiku kwamba mchoro ule ni yeye.

Jioni nikakipeleka kichekesho changu nyumbani. Nilikuwa nimepanga kwa bibi mmoja, kungwi wa kuitwa hata vijiji vya mbali. Mimi ni wa Rungwe, Mbeya, nilimheshimu kama mwenye nyumba, ukungwi wake nikiuona ushamba. Alikuwa anachambua choroko kwenye ungo. Hakucheka.

"Nawe ukamjibuje, mwanangu?"

Nikasema foleni ilikuwa ndefu.

Akatoa kijiwe, akakitupa nje. "Sisi mwali hatumwachi na swali. Mlete."

Sikumpeleka. Mwenye shahada, nimpeleke mwanafunzi wangu kwa kungwi? Julai nikahamishwa. Jibu sikumpa kamwe.

Najua mambo yamesogea. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au ni wajawazito. Wa 2022 ukakuta 22. Tangu Novemba 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule, na nilishangilia. Lakini 2018, chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza kutolewa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14, wazazi wa shule niliyokuwapo walisema inafunga kizazi. Kipimo kilidhaniwa kinga, kinga ikadhaniwa sumu. Na zahanati je? Anayetaka kuuliza habari za sindano au vijiti vya uzazi wa mpango anamkuta nesi ni jirani wa mama yake, na swali la kwanza ni "umeolewa?"

Kwa hiyo nafuta niliyoandika mwanzo, au tuseme nusu yake. Makungwi waachwe, wapewe mafunzo, wakae na nesi mmoja mwenye ulimi mzuri. Wana muda na wana lugha. Ila wasichukue watoto wa miaka tisa, kumi. Na somo la kumhudumia mume walitoe kabisa, maana mtoto akitoka ndani kwa vigelegele na kanga mpya, wanaume nao wanasikia kwamba amekua. Tusisahau Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, hata Mahakama ya Rufani ikaja kusema mwaka 2019 kwamba haifai. Hapo kungwi na sheria walikuwa wanaimba wimbo mmoja.

Nami wangu ana miaka 12, na unyagoni hatakwenda, nasema wazi nisije nikaitwa mnafiki baadaye. Juzi tunaosha vyombo akaniuliza hedhi inatoka wapi hasa. Nikamwambia hayo atayasoma kidato cha tatu.