Maswali na Majibu: Nani husamehewa kodi ya majengo, na mji hukosa nini?

Maswali ya wasomaji wa Arusha na Moshi kuhusu kodi ya majengo yamekuwa mengi, hasa yanayohusu misamaha. Nimechagua machache ambayo majibu yake yanawagusa wengi.

Swali: Nina umri wa miaka 67 na ninaishi katika nyumba yangu mwenyewe hapa Njoro, Moshi. Sina kazi. Nimesikia wazee tumesamehewa kodi ya majengo, mbona LUKU inanikata shilingi 1,500 kila mwezi?

Shikamoo, mzee wetu. Unakatwa kwa sababu mita haiujui umri wako. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, yaani ununuzi wa umeme wa kulipia kabla, na baada ya viwango kupandishwa mwaka 2023 nyumba ya kawaida hulipiwa shilingi 18,000 kwa mwaka, yaani hizo 1,500 kila mwezi, wakati ghorofa la mjini hulipiwa shilingi 90,000 kwa kila sakafu. Msamaha wa wazee upo kweli, lakini hauji wenyewe, ni lazima uombwe. Nenda katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) ukiwa na kitambulisho cha taifa, barua ya mtendaji wa mtaa inayothibitisha kwamba nyumba ni yako na unaishi humo, pamoja na namba ya mita iliyo kwenye risiti yako ya LUKU.

Zingatia jambo moja kabla ya kupanda daladala. Msamaha unamhusu mtu aliyefikisha miaka 60, au mwenye ulemavu, asiye na kipato, na ni kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Kutokuwa na kazi si sawa na kutokuwa na kipato: ukiwa na vyumba vya uani ulivyopangisha, uwe tayari kuulizwa habari zake.

Swali: Sisi ni wapangaji sita katika nyumba moja ya Ngarenaro, Arusha, na mita ni moja. Anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi ndiye anayekatwa kodi, kwa hiyo siku za mwanzo wa mwezi kila mtu hujifanya hana hela. Je, hii kodi ni ya nani?

Ni ya mwenye nyumba. Mita ni njia ya kukusanyia tu, na haimgeuzi mpangaji kuwa mlipakodi. Tangu utaratibu huu uanze, msimamo wa serikali umekuwa kwamba mpangaji aliyekatwa kodi hiyo apatane na mwenye nyumba ili irejeshwe au ipunguzwe kwenye pango. Tunzeni risiti, au ujumbe wa simu wenye tokeni, kwa kuwa humo ndimo makato yanamoonekana, kisha mwonyesheni mwenye nyumba mnapolipa kodi ya chumba. Ikiwa nyumba moja ina mita kadhaa na zote zinakatwa, hilo ni kosa la kumbukumbu, na mwenye nyumba anapaswa kulipeleka TRA ili ibaki mita moja tu.

Swali: Mimi ni mhazini wa usharika mmoja mjini Moshi. Tuna kanisa, nyumba ya mchungaji, ukumbi tunaokodisha kwa harusi na hosteli ya wanafunzi. Wapo wanaosema mali yote ya kanisa imesamehewa. Ni kweli?

Si kweli, na ni vyema mkajua hivyo mapema. Sheria ya mwaka 1983 inayosimamia kodi ya majengo mijini, ambayo ni Sura ya 289, inasamehe jengo linalotumika hasa kwa ibada ya hadhara, na inaondoa waziwazi katika msamaha huo majengo yanayotumika kwa makazi au kwa shughuli za kijamii. Kinachotazamwa ni matumizi ya jengo moja moja, si jina la mmiliki wa kiwanja. Hivyo kanisa lenyewe limesamehewa, ila nyumba ya mchungaji, ukumbi wa harusi na hosteli vinatozwa kama majengo mengine yoyote, hata kama mapato ya ukumbi yanapelekwa kwa yatima. Kanuni ni hiyo hiyo kwa msikiti wenye maduka ya kupangisha upande wa barabarani: pale wanaposwali watu pamesamehewa, maduka hayakusamehewa.

Orodha ya sheria hiyo ina mengine pia, yakiwamo maktaba na makumbusho ya umma, makaburi, viwanja vya ndege, miundombinu ya reli na mali zinazotumika kwa michezo.

Swali: Nimelipa kodi ya majengo kupitia LUKU, lakini bado nadaiwa pango la ardhi. Si ninalipa mara mbili?

Hapana. Pango hulipwa kwa sababu ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na wewe umemilikishwa kwa muda. Kodi ya majengo ni ya kile ulichojenga juu yake. Msamaha wa moja hauhamii kwenye nyingine.

Swali: Ninaishi Sekei, Arusha. Mji wetu umejaa ofisi za kimataifa ambazo hazilipi kodi. Je, hawa si ndio wanaotuletea barabara za mashimo?

Arusha ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na ilikaliwa na Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Taasisi za namna hiyo husamehewa kodi kwa mikataba ambayo serikali huingia nazo, na malalamiko yako yana msingi katika jambo moja: anayetoa msamaha ni serikali kuu, na anayezoa taka na kuchonga mitaro ni jiji.

Lakini msamaha huo una mipaka ambayo wengi hawaitazami. Chukua Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unaohusu balozi. Ibara yake ya 23 inasamehe majengo ya ubalozi kodi na ushuru, isipokuwa malipo ya huduma mahususi iliyotolewa, na haimsamehe mwenye nyumba aliyewapangisha ikiwa sheria ya nchi inamtaka yeye alipe. Mikataba ya taasisi za kimataifa hutofautiana, ila mwenye nyumba binafsi anayempangisha mfanyakazi wa taasisi kwa dola na kudai kwamba nyumba yake nayo imekuwa ya kidiplomasia, huyo mwulizeni amesoma ibara gani. Tena watumishi wa taasisi hizo wanapanga nyumba, wanalala hotelini na kununua sokoni, na biashara hizo zinalipa leseni na ushuru wa huduma kwa jiji.

Swali: Basi ikiwa si wazee, si makanisa na si wageni, fedha inapotelea wapi? Mimi ni fundi ujenzi, Sakina, ninajenga majumba ya mamilioni na naona mwenye jumba analipa sawa na mama yangu.

Umeligusa penyewe. Kwa maoni yangu, msamaha mkubwa kuliko yote haumo katika orodha ya sheria. Umo katika kiwango kimoja kwa wote.

Tupige hesabu. Tuseme kodi ingetozwa kwa thamani, kwa asilimia 0.15 ya thamani ya jengo, kiwango ninachokichukua kwa mfano tu. Nyumba ya shilingi milioni 12 ingelipa 18,000, yaani hicho hicho inacholipa sasa. Nyumba isiyo ghorofa ya shilingi milioni 400 kule Njiro, Arusha, yenye uzio wa umeme na bustani, ingelipa 600,000, ilhali leo nayo inalipa 18,000. Tofauti ni 582,000 kwa mwaka, na hakuna aliyekwenda kuomba msamaha huo kwa barua ya mtendaji. Sasa linganisha: wazee elfu moja wakisamehewa wote, kinachokosekana ni milioni 18 kwa mwaka. Nyumba 31 tu za namna ile ya Njiro zinatosha kukosesha kiasi hicho.

Sikatai kwamba kiwango kimoja kina faida. Uthamini ni ghali, wathamini ni wachache, na kitabu cha uthamini huchakaa haraka katika mji unaokua kama Arusha. Jiji lilipotumia picha za setilaiti kuhesabu majengo yake, miaka kumi na ushee iliyopita, yalionekana zaidi ya laki moja, wakati kumbukumbu za awali zilikuwa na takribani elfu 23. Jengo lisilo kwenye daftari limesamehewa bila sheria, na mita ya umeme imeyanasa mengi ya aina hiyo. Hilo ni jambo jema. Lakini mita inaweza kusema kwamba nyumba ipo, haiwezi kusema ni nyumba ya namna gani.

Kuna pia suala la fedha yenyewe kwenda wapi. Kuanzia Julai 2016 ukusanyaji katika majiji na manispaa ulihamia TRA, na tangu hapo uhusiano kati ya anayelipa Sakina na mtaro wa Sakina ukawa wa kupitia Dodoma. Kwa halmashauri hilo si dogo, kwa kuwa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani hutengwa kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na chanzo kinachoondoka katika mapato hayo kinaondoka na fungu hilo pia.

Swali: Je, taasisi zilizosamehewa haziwezi kuombwa zichangie kwa hiari?

Zinaweza, na yapo mafunzo. Boston, kule Marekani, huziomba taasisi zisizo za faida, vikiwamo vyuo vikuu na hospitali, zenye mali inayozidi dola milioni 15, zilipe robo ya kile ambacho zingetozwa, na hadi nusu ya mchango huo inaweza kufidiwa kwa huduma kwa jamii. Wengine hulipa, wengine hulipa pungufu, kwa kuwa ni hiari. Jirani zetu wa Kenya waliweka mchango wa serikali kuu badala ya kodi kwa mali zake zilizo katika kaunti, na kaunti, Nairobi ikiwa mbele, zimekaa na malimbikizo ya madai ya miaka mingi. Kwa hiyo mpango wa namna hii ukija kwetu, ningependa uwe na tarehe ya kulipa na adhabu ya kuchelewa.

Swali: Mgombea udiwani wa kata yetu ameahidi kutufutia kodi ya majengo. Anaweza?

Hawezi. Viwango vya kodi hii na misamaha yake huwekwa kwa sheria ya Bunge na kanuni za waziri, na sheria ndogo za Baraza la Madiwani haziwezi kuvifuta. Anachoweza akichaguliwa ni kudai katika baraza orodha ya majengo yaliyosamehewa katika kata yenu, pamoja na sababu ya kila msamaha. Mwombeni aahidi hilo.