Uhalisia ulioongezewa nini?

SWALI: Tunatengeneza programu ya simu kwa wageni wa magofu ya Kaole, Bagamoyo. Ukielekeza kamera kwenye kuta, skrini inakuonyesha msikiti ulivyokuwa enzi zake. Kwenye andiko la mradi nimeandika "uhalisia ulioboreshwa unaofikika na walemavu". Mwenzangu anadai nina makosa matatu katika maneno matano. Ni kweli?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Kosa la sarufi ni moja, "unaofikika na". Kauli ya kutendeka haibebi mtenda: mlango umefungika, lakini haujafungika na Juma. Ungesema "unaofikiwa na". Hata hivyo, kufika si kutumia. Mwenye kiti cha magurudumu anaweza kufika Kaole, kisha programu ikamtaka auzunguke ukuta kwenye mawe ndipo picha ikamilike. Andika "kutumiwa".

Kuhusu "walemavu", Sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 inasema "watu wenye ulemavu", ifuate. Ila usiwatafutie viziwi tafsida. Chama cha Viziwi Tanzania kinajiita hivyohivyo.

Lililonikalisha kitako ni "ulioboreshwa". Limeshazoeleka, kwa hiyo sikuhesabii kosa, lakini silipendi. Kuboresha ni kufanya kitu kiwe bora. Wahandisi wa kampuni ya ndege ya Boeing, waliolianzisha jina la Kiingereza, "augmented reality", mwanzoni mwa miaka ya 1990, walitaka fundi aone mchoro wa nyaya juu ya ubao anaoufanyia kazi. Ubao ulibaki uleule. Kilichokuja ni nyongeza.

Wapo wanaosema "ulioongezwa". Wamekaribia. Mshahara ulioongezwa ni uleule, umekua tu. Chai iliyoongezewa sukari imetiwa kitu kingine. Teknolojia hii ni ya chai, si ya mshahara, kwa hiyo mimi nasema "ulioongezewa". Tena kauli hii ya kutendewa inadai jibu: umeongezewa nini? Kama ni picha peke yake, asiyeona mmemshikisha simu tupu. Yeye anahitaji sauti ya kumwambia kuwa mihrabu iko mbele yake, hatua nne. Kiziwi anahitaji maelezo hayohayo kwa maandishi, na mtetemo badala ya kengele.

Kwa mkono wangu ingesomeka: "programu ya uhalisia ulioongezewa picha, sauti, maandishi na mtetemo, inayoweza kutumiwa na watu wenye ulemavu". Ni ndefu, najua. Mfadhili atavumilia.