Ramani inasema msitu upo, ndani miti imekwisha

SWALI: Ndugu wahariri, mimi ni katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji huku Sengerema. Kwenye ramani msitu wetu ni kijani kitupu, lakini ukiingia ndani miti mikubwa imekwisha kwa mkaa. Takwimu za taifa zinatuona kweli?

JIBU: Zinawaona nusu, na mna kila sababu ya kuuliza. Katika hesabu za kaboni za Tanzania, msitu ni eneo lisilopungua nusu hekta, lenye miti ya kufikia mita 3 na vilele vinavyofunika angalau asilimia 10 ya ardhi. Mchoma mkaa akimaliza mininga na miyombo yote minene, akaacha vijiti vya kufunika asilimia 15, kitabuni huo bado ni msitu. Halafu kisanduku kimoja cha picha ya setilaiti ya Landsat ni mita 30 kwa 30. Tanuri moja na visiki vyake humezwa humo.

Ndiyo maana NAFORMA, tathmini ya taifa ya rasilimali za misitu iliyoanza mwaka 2009, ilipeleka watu porini na futikamba. Nanyi mnaweza. Pimeni duara lenye mita 15 kutoka katikati hadi ukingoni. Penye mteremko futikamba ishikwe usawa, isilazwe ardhini, la sivyo duara linapungua. Pimeni kila mti wenye kipenyo cha sentimita 20 na zaidi, mkipimia shina mita 1.3 kutoka ardhini. Hamna kipimo cha kipenyo? Zungusheni utepe, mgawanye kwa 3.14. Kisha visiki: kipenyo, kibichi au kikavu, kimechipua au la. Duara hilo ni mita za mraba 707, hivyo zidisheni idadi kwa 14 mpate ya hekta moja.

Kosa kubwa ni kuchagua pa kupimia. Watu hukimbilia palipoharibika, au kando ya njia pasipo na miiba. Wekeni nukta kwenye ramani kwa nafasi sawa, tuseme kila mita 300, mzifuate kwa GPS ya simu hata zinapoangukia penye miti mizuri. Mwakani mrudi nukta zile zile.

Chanzo cha uharibifu nacho kiandikwe palepale, kwa mfuatano. Udongo mweusi wenye chenga za mkaa, na juu yake mabua ya mahindi, maana yake mkaa ulitangulia, shamba likafuata. Picha ya miaka miwili baadaye itaonyesha shamba tu, na lawama yote itamwangukia mkulima, huku soko la mkaa la jijini Mwanza halitajwi.

SWALI: Agosti simu ilituonyesha msitu umepotea. Tulipofika, miti yote imesimama. (Msomaji, Geita)

JIBU: Miombo hupukutisha majani kiangazi, na kompyuta inaweza kudhani imefyekwa. Linganisheni Mei na Mei, msilinganishe Mei na Agosti. Masika, mawingu ya ziwani yakiziba picha, tafuteni zile za rada za setilaiti ya Sentinel-1, ambazo hupenya mawingu. Na nukta ya moto ya VIIRS, kihisi cha setilaiti kinachogundua moto, inawakilisha kisanduku cha mita 375: moto wenyewe unaweza kuwa shambani kwa jirani, kwa hiyo nendeni mkaone kabla ya kumshtaki mtu.