Aurora: ni alfajiri au ile mianga ya kijani?

SWALI: Nimesoma shairi lililotafsiriwa kutoka Kihispania, mtafsiri kaliacha neno aurora hivyohivyo, jogoo anawika, jua bado. Afu kwenye habari aurora ni yale mapazia ya kijani angani usiku kule Norwei. Lipi ni lipi, au mtafsiri kachemka?

JIBU: Zote sawa, ila mtafsiri kazembea, hapo "alfajiri" au "mapambazuko" ilitosha kabisa. Aurora ni Kilatini cha alfajiri, Warumi hata mungu wao wa kike wa alfajiri walimwita hivyo, na Wahispania na Waitalia mpaka leo wakisema aurora wanamaanisha anga linavyopata rangi kabla jua halijachomoza.

Ya usiku iliingiaje sasa? Karne ya 17 wataalamu wa Ulaya, mwanasayansi Galileo wa Italia akiwemo, walianza kuiita alfajiri ya kaskazini, aurora borealis, na ukicheki walikokuwa wanaishi unawaelewa. Ukiwa Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwei, au Alaska mwanga uko juu ya kichwa na ni wa kijani, hiyo ni oksijeni inayong'aa kilomita 100 na kitu kutoka ardhini. Ila kwa mtu aliye mbali kusini, Italia mathalani, ule wa kijani unafichwa na mviringo wa dunia, anachoona ni sehemu ya juu tu, kilomita 200 kwenda juu, ambako oksijeni hiyohiyo inatoa rangi nyekundu. Yaani wekundu umelala kwenye upeo wa kaskazini na ni usiku wa manane! We ungeuitaje? Hata Mei 2024, dhoruba kubwa ya jua ilipotokea, watu mpaka Meksiko waliona anga jekundu.

Kufanana kunaishia kwenye rangi lakini. Alfajiri ni mwanga wa jua lenyewe unaotawanywa na hewa, wakati mianga ya ncha (ndiyo hii ya usiku, ya huko kwenye ncha za dunia) ni hewa yenyewe inawaka ikigongwa na chembe zenye umeme zinazoongozwa na usumaku wa dunia.

Kwa hiyo ukiandika Kiswahili, aurora iachie mianga ya ncha, na useme ya kaskazini au ya kusini coz kusini ipo pia, kapteni James Cook aliiona 1773 akiwa baharini huko akaiita aurora australis, yaani alfajiri ya kusini. "Taa za kaskazini" mi siipendi, taa mtu anawasha bana.