Cheti cha Kabila kwa Mtoto wa Kisidi: Anza na Karatasi za Babu

Dada yangu uliyeolewa huku Gujarat, India, kwenye ukoo wa Wasidi, cheti cha kabila cha mwanao usingoje mpaka shule ikidai. Shule ikidai, huwa inakitaka wiki hiyo hiyo, na karatasi za ukoo mzima hazipatikani kwa wiki moja. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Mume wangu ni Msidi wa upande wa Talala, pembezoni mwa msitu wa Gir, na cheti hiki tulikifuatilia kijana wetu alipotaka kufanya mtihani wa kuingia shule ya bweni ya Eklavya, zile shule za serikali kuu zinazopokea watoto wa makabila yaliyoorodheshwa, yaani yaliyomo kwenye orodha rasmi ya serikali, kuanzia darasa la sita. Dada wawili watatu wa kwetu wameniuliza jinsi ilivyokuwa, nikaona bora niyaweke yote mahali pamoja.

Kwa mlioko nyumbani: Wasidi ni wajukuu wa Waafrika waliovushwa bahari karne nyingi zilizopita, wengine utumwani, wengine kama askari na mabaharia. Nawabu, mtawala wa zamani wa Junagadh, alikuwa nao jeshini. Leo lugha yao ni Kigujarati, wengi wao huku ni Waislamu, na ngoma yao wanaiita goma. Kijiji chao kinachojulikana zaidi ni Jambur, kwao Hirbai Lobi, yule mama aliyepewa nishani ya Padma Shri mwaka 2023 kwa kazi yake na wanawake wa Kisidi. Serikali ya India inawahesabu Wasidi wa Gujarat kuwa miongoni mwa makabila yaliyo hatarini zaidi kuachwa nyuma.

Cheti ndicho kinachoufanya utambulisho huo uwe na manufaa. Serikali kuu hutenga asilimia 7.5 ya nafasi za vyuo na kazi zake kwa makabila yaliyoorodheshwa, na mtahiniwa wa kabila huongezewa miaka 5 juu ya ukomo wa umri kwenye mitihani ya utumishi wa umma. Kuna ruzuku za masomo na mabweni. Ukiwaona vijana wa Jambur waliokomea darasa la nane wakiwatumbuizia watalii wanaokuja kuona simba wa Gir kwa ngoma na manyoya ya tausi, utaelewa kwa nini nasema karatasi hii ipiganiwe.

Kabla hujapanda basi kwenda ofisi yoyote, jua kwanza kijiji cha asili cha baba mkwe wako kiko wilaya gani. Hapa ndipo watu wengi hukwama. Orodha ya makabila hutangazwa kwa amri ya rais chini ya ibara ya 342 ya katiba, na amri ya kwanza ilitoka Septemba 1950. Orodha hiyo hupangwa jimbo kwa jimbo, na kwa Wasidi wa Gujarat imekwenda mbali zaidi, kwani inataja wilaya sita tu: Amreli, Bhavnagar, Jamnagar, Junagadh, Rajkot na Surendranagar. Wasidi wa Ratanpor kule Bharuch, wanaolitunza kaburi la Bava Gor ambalo Wasidi wote huenda kulizuru, hawamo. Wa Ahmedabad mjini hawamo. Ni ndugu wa damu, wanaoana na kuzikana, lakini mmoja ana dakhlo (ndivyo cheti kinavyoitwa hapa) na mwenzake hana. Naliona jambo hili kuwa dhuluma, na sitachoka kulisema. Karnataka nako waliingizwa kwanza Wasidi wa wilaya ya Uttara Kannada peke yao, mwaka 2003, na wale wa Belagavi na Dharwad wakasubiri mpaka 2020.

Na wilaya zenyewe hugawanywa. Agosti 2013 Talala ilitolewa Junagadh ikawekwa wilaya mpya ya Gir Somnath. Karatasi za babu zinasema Junagadh, Aadhaar ya mtoto, yaani kitambulisho chake cha taifa, inasema Gir Somnath, na jina la Gir Somnath halimo kwenye ile orodha ya sita. Ofisi za huko kwao zinalijua hilo na hazisumbui. Karani wa chuo cha mbali halijui. Kwa hiyo weka kwenye faili lako nakala ya tangazo la serikali la kugawa wilaya.

Cheti huombwa kwenye asili ya ukoo, si pale mnapopanga nyumba. Sisi tunakaa mjini kwa sababu ya kazi ya mume wangu, na tulirudi taluka ya kwao, yaani tarafa ya ndani ya wilaya. Mkiwa mmehamia jimbo jingine kabisa, mnaweza kupewa cheti huko kwa msingi wa cheti cha baba kutoka jimbo la asili, lakini kitawafaa kwa nafasi za serikali kuu tu. Zile za jimbo mlilohamia ni za wenyeji wake. Mahakama ya Juu ililiamua hilo mwaka 1990.

Sasa karatasi. Ofisini watakupa orodha ndefu: cheti cha kuzaliwa, Aadhaar, kadi ya mgao, hati ya kiapo, picha. Hizo zote utazipata. Karatasi inayobeba mzigo wote ni cheti cha kuondokea shule cha baba wa mtoto, na cha babu ikiwezekana, kwa sababu shule za India zina safu ya kabila kwenye rejista, na kilichoandikwa mule siku ya kwanza ya darasa la kwanza ndicho kinachomfuata mtu maisha yake yote.

Cha mume wangu kiliandikwa "Musalman" kwenye safu hiyo. Mwalimu wa zamani aliona jina la Kiislamu, akaandika dini mahali pa kabila, basi. Kwa Wasidi wa Kiislamu jambo hili ni la kawaida mno, na ndilo linalowaangusha wengi. Karani wa ofisi moja mjini alimrudishia mume wangu faili akisema Mwislamu hana kabila. Si kweli, na ni vizuri ujue kwa nini si kweli. Amri inayowahusu Wadalit, yaani matabaka yaliyoorodheshwa, ndiyo yenye sharti la dini: lazima mtu awe Mhindu, Sikh au Mbudha. Amri ya makabila haina sharti hilo. Msidi anaweza kuwa Mwislamu, Mhindu au Mkristo, na Karnataka wapo wa dini zote tatu. Mwambie karani hivyo kwa utulivu, mwombe aandike sababu ya kukukatalia kwenye karatasi. Mara nyingi hataiandika, atakuelekeza kwa mkubwa wake.

Tuliponea kwa baba mkwe. Yeye alisoma madarasa machache tu ya shule ya kijiji, miaka ya sitini. Mkuu wa shule ya sasa, mama mmoja mpole sana, alitufungulia kabati la chuma akatoa rejista kuu iliyofungwa kwa kitambaa chekundu. Kurasa zilikuwa zimeliwa na mchwa pembeni, wino umegeuka kahawia. Akatembeza rula mstari kwa mstari hadi jina la baba mkwe: tarehe ya kuzaliwa ya kukisia, jina la kijiji, na kwenye safu ya kabila neno moja la herufi za Kigujarati, "Sidi". Baba mkwe hasomi vizuri tena kwa macho, akaniuliza, "Vahu (mkwe wangu), wameandika nini?" Nilipomsomea alinyamaza, kisha akamwomba mwalimu amsomee tena yeye mwenyewe.

Omba nakala ya ukurasa ule ikiwa na muhuri na sahihi ya mkuu wa shule, na namba ya rejista iandikwe. Usiridhike na picha ya simu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba hati za zamani, hasa zile za kabla ya katiba, ndizo zenye uzito mkubwa kuliko maswali ya mila anayoulizwa mwombaji. Kwa hiyo kama babu hakusoma, tafuta daftari la ardhi, daftari la vizazi na vifo la kijiji, hata karatasi za kazi za enzi ya Nawabu. Watafute mashangazi na binamu wa upande wa baba pia. Dakhlo la binamu wa damu wa mume wako, lililotolewa kihalali, lina nguvu sana, mradi uthibitishe kwamba mababu ni wamoja.

Uthibitisho huo unaitwa pedhinamu, yaani mti wa ukoo unaoandikwa na talati, afisa wa ardhi na kumbukumbu wa kijiji, mbele ya wazee mashahidi. Nenda na wazee unaowajua, nao waje na vitambulisho vyao. Talati wetu alikuwa mtu makini. Aliuliza kila jina mara mbili, akawaita jirani wawili wasiohusiana nasi, kisha akaniambia, "Ben (dada), majina haya yakifanana kwenye kila karatasi hutarudi tena kwangu." Alisema kweli. Sidi, Siddi, Badshah, Habshi: koo hizi zimeandikwa kila namna. Orodha ya rais inatumia Siddi. Pale karatasi za zamani zinapotofautiana, hati ya kiapo itamke wazi kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja na ukoo mmoja.

Upande wetu sisi wake wa kigeni, yapo mambo ya kujua. Wewe hutapata kabila kwa kuolewa. Mahakama za India zimelishikilia hilo, na usimruhusu mtu akuombee cheti kwa jina lako. Mtoto hufuata ukoo wa baba, ila kwa ndoa za mchanganyiko mahakama huangalia pia amelelewa wapi na jamii gani inamtambua. Kesi iliyoweka msimamo huo ilitoka hapa hapa Gujarat, ikaamuliwa 2012: baba alikuwa wa tabaka la juu, mama wa kabila la Naika, na mahakama ikasema mtoto apewe nafasi ya kuthibitisha kwamba alikulia kwa watu wa mama yake. Dada wa Kisidi aliyeolewa na mtu wa nje ya kabila aikumbuke sana kesi hiyo.

Kwa mtoto wangu maswali yalikuwa mepesi. Afisa alikuja kijijini, akakaa kwenye kitanda cha kamba barazani kwa baba mkwe, akamuuliza kijana sherehe ya Nagarchi Pir inafanyikaje, nani huanza kupiga ngoma, na harusi ya shangazi yake wa mwisho ilikuwaje. Alijibu yote, kwa kuwa kila likizo tunampeleka kwa babu yake. Mpeleke mwanao kijijini, dada, hata kama cheti unacho.

Halafu uraia. Aliyezaliwa India tangu 3 Desemba 2004 ni raia kama mzazi mmoja ni Mhindi na mwingine hakuwa mhamiaji haramu wakati huo. Hivyo viza yako ya kipindi alichozaliwa itakaguliwa, pamoja na cheti cha ndoa iliyosajiliwa. Hifadhi pasipoti yako ya zamani, usiitupe ukishapata mpya. Na India haikubali uraia wa nchi mbili, kwa hiyo usimkatie mtoto pasipoti ya Tanzania au Kenya kwa ajili ya likizo ukidhani haina madhara.

Vishoka wapo nje ya kila ofisi. Watakuahidi cheti kwa siku tatu, na pengine kitatoka kweli, kikiwa na muhuri na kila kitu. Lakini Gujarat ina sheria ya mwaka 2018 ya kuhakiki vyeti hivi, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kabila lisipothibitika, mtu hupoteza kazi au shahada aliyoipata kwa cheti hicho hata kama ameitumikia miaka mingi. Fikiria mwanao akiwa na umri wa miaka arobaini, ana watoto wake, anaitwa ofisini kwa sababu ya njia ya mkato uliyoipita wewe. Mlipe mtu wa kukujazia fomu mtandaoni ukitaka, hilo si kosa. Faili libaki mikononi mwako.

Kama uko kijijini, uliza kwa sarpanchi, yaani mkuu wa kijiji, kuhusu kambi za PM-JANMAN, mpango wa serikali kuu ulioanza Novemba 2023 kwa makabila haya yaliyo hatarini. Maafisa huja na mashine zao na kushughulikia Aadhaar, kadi na vyeti papo hapo. Hata hapo nakala ya rejista ya babu ndiyo wataiomba kwanza.

Dakhlo likitoka, lisome herufi kwa herufi kabla hujatoka kwenye kaunta: jina, kijiji, taluka, wilaya, na neno Siddi. Kosa likionekana siku ile hurekebishwa kwa dakika chache. Omba pia lile la muundo wa serikali kuu kwa Kiingereza, maana la Kigujarati pekee halipokelewi kwenye mitihani ya kitaifa. Kisha lipeleke shuleni, mkuu wa shule aandike kabila kwenye rejista mwanao angali mwanafunzi pale, kwa kuwa akishahama rejista ni ngumu mno kubadilishwa. Wadogo zake waombewe mara moja kwa faili hilo hilo. Sisi tumeshampelekea talati karatasi za binti yetu, na yeye ndiyo kwanza yuko darasa la pili.