Ukisafiri na mtoto mdogo, jua kwanza nani anamshika na saa ngapi

Watu wakisikia nasafiri na mtoto swali la kwanza huwa ni mzigo, pampasi ngapi, nguo ngapi, kigari kinakunjika au hakikunjiki. Kwangu mimi hilo linakuja mwisho kabisa. La kwanza ni nani anamshika mtoto, na saa ngapi. Ukishalijibu kwa kila siku ya safari mengine yanajipanga yenyewe, usipolijibu hata ubebe nyumba nzima utachoka tu.

Safari ya kazi ndo ngumu zaidi kwa hiyo nianze nayo. Bosi akikwambia "njoo naye tu hamna shida" mshukuru, ila bado hujapata jibu, saa tatu asubuhi uko mkutanoni mtoto yuko na nani? Mimi siendi bila mtu wangu, awe baba yake, mama yangu, mdogo wangu au dada anayemlea kila siku, na kama hakuna anayeweza basi naomba niingie kwa video au aende mwenzangu mwingine. Wanaotumia yaya wa hotelini siwalaumu, kila mtu na hali yake, lakini mtoto wa kuanzia miezi 8 hivi mpaka mwaka na nusu mimi siwezi kumuachia mtu niliyekutana naye leo. Huo ndo umri mtoto anaogopa sura ngeni na analia mama akisogea tu mlangoni, sasa hapo yuko kwenye chumba kigeni, kitanda kigeni, chakula kigeni halafu na mtu naye mgeni, vyote kwa siku moja, jamani ni vingi. Kama hakuna njia nyingine basi fika siku moja kabla, kaeni pamoja watatu mchana kutwa, toka kidogo urudi, toka tena urudi, ili kesho yake ukienda kazini mtoto awe ameshaona kwamba mama akitoka huwa anarudi. Na umuage. Usitoke kwa kunyata hata kama atalia, maana akigeuka akakukosa atakuganda siku zote zilizobaki.

Halafu huyo mtu wako anahitaji nauli, chakula na pa kulala, na hapo ndo wengi tunaona aibu kuuliza kazini. Uliza. Uliza mapema na upate jibu kwa maandishi, nani analipia nini, kwa sababu ukifika kule ndo mnaanza kuvutana utatoa mfukoni. Kama unanyonyesha ujue pia kwamba Mkataba namba 183 wa mwaka 2000 wa Shirika la Kazi Duniani unasema muda wa kunyonyesha uhesabiwe kuwa muda wa kazi na ulipwe. Nchi nyingi hazijauridhia, ila ni hoja nzuri ya kushika ukiwa unaomba ratiba ikuachie nafasi mchana.

Na kama umemuacha nyumbani unakamua, maziwa yakiwa kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25 yanakaa mpaka masaa manne baada ya kukamuliwa, kwenye kibegi cha baridi chenye barafu masaa 24, kwenye friji siku 4. Uwanja wa ndege ile sheria iliyoanza 2006 ya kutopita na kimiminika cha zaidi ya mililita 100 kwenye begi la mkononi ina nafuu kwa maziwa ya mtoto sehemu nyingi, yatoe kwenye begi uyataje wewe mwenyewe kabla hawajakuuliza.

Likizo ya familia nayo ina shida yake, tena hii inaniuma zaidi. Mko wengi, mashangazi, wajomba, binamu, kila mtu yupo na kila mtu anadhani mwenzake anamuangalia mtoto. Kwenye maji hilo linaua. Watoto wa mwaka 1 mpaka 4 ndo wanaoongoza duniani kwa kuzama, na mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala harushi mikono kama tunavyoona kwenye muvi, anaenda chini kimya na watu wamekaa hapohapo wanapiga stori. Sisi kwetu tumekubaliana mtu anatamka, "namshika mimi", na akitaka kuondoka anamuita mwenzake kwa jina, "nakuachia", na yule lazima aitike. Anayeshika hashiki simu. Mtoto mdogo akiwa majini wewe uko naye majini kwa umbali wa kumfikia kwa mkono, siyo kwenye kiti pembeni. Kuna ndugu waliona namsumbua kila mtu, sawa, niko radhi wanione hivyo.

Zamu hizohizo zinasaidia hata nje ya maji. Mama naye yuko likizo, baba vilevile, kila mmoja apate asubuhi yake ya kulala au ya kutembea peke yake. Na panga mtoko mmoja tu kwa siku, asubuhi, ili mchana alale kitandani, mkibanana na vituo vitatu kwa siku mtalipia usiku. Mkivuka saa za nchi nyingine mwili unazoea kama saa moja kwa siku, kwa hiyo safari fupi ya siku mbili tatu mimi sibadilishi kitu, analala na kuamka kwa saa za nyumbani.

Kwenye ndege mnyonyeshe au mpe chupa ndege ikianza kushuka, karibu nusu saa kabla ya kutua, akimeza, masikio yanaachia.

Makaratasi usiache ya mwisho. Mtoto ana pasipoti yake, na ukisafiri naye peke yako beba barua ya ridhaa ya mzazi mwenzako na cheti cha kuzaliwa, hasa kama majina yenu hayafanani. Unakoenda wakitaka chanjo ya homa ya manjano, kwa kawaida inatolewa kuanzia miezi 9 na cheti kinaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo usiende kuchanja wiki ya safari.

Dawa kaa nazo begi la mkononi, siyo kwenye mzigo, panado ya maji na uulize kipimo kwa uzito wake kabla hujaondoka, ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji mtoto akiharisha, na kipimajoto. Kabla ya kulala usiku wa kwanza jua hospitali ya karibu iko wapi na unafikaje usiku wa manane. Mtoto wa chini ya miezi 3 akifika nyuzi 38 usisubiri asubuhi na usimpe kwanza dawa uone, nyanyuka uende.