Doa katika nyasi za Beatrice

Mmeuliza wiki hii: ni safari gani ya majira ya joto uliyofanya na mnyama wako ambayo hutaisahau? Yangu haifiki hata saa mbili barabarani. Julai iliyopita mimi, mume wangu na mbwa wetu Doa tulitoka Omaha tunakoishi, tukapita mji wa Lincoln, tukashuka hadi mji mdogo wa Beatrice, kusini mwa jimbo la Nebraska, Marekani.

Nje kidogo ya mji huo kuna Homestead National Historical Park, shamba la zamani la Daniel Freeman. Huyu alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kujiandikisha kupewa ardhi na serikali tarehe 1 Januari 1863, siku ilipoanza kutumika sheria ya ardhi aliyoitia saini Rais Lincoln mwaka uliotangulia. Ulipewa ekari 160. Ujenge nyumba, ulime, uishi hapo miaka mitano, ndipo upate hati ya kuimiliki.

Mbwa haruhusiwi kuingia kwenye majengo, na kumfungia garini kwa jua lile ni kumuua. Basi tukapokezana. Mume wangu alitangulia makumbusho, nami nikabaki nje na Doa. Nashukuru ilikuwa hivyo. Tulianzia kwenye nyumba ya magogo iliyojengwa 1867, futi 14 kwa 16. Nilitembea ubavuni mwake, hatua chache tu ikaisha. Humo mkulima mwingine, George Palmer, na mkewe waliishi na watoto kumi.

Kisha tukashika njia ya nyasini. Doa akapenyeza kichwa, mara nyasi zikammeza mzima. Kamba iko mkononi mwangu lakini ninachoona ni mabua yanayotikisika. Nilipomfikia alikuwa ameanza kufukua. Nikamvuta upesi, ila alishafunua udongo mweusi uliosukwa mizizi kama jamvi, hata kidole hakipiti. Nimekulia Njombe, nimeshika jembe tangu utotoni, na ekari moja ya pori jipya najua inavyovunja mgongo. Nikawaza kuvunja ardhi ile kwa maksai, mwaka baada ya mwaka. Wengi walishindwa, wakaondoka bila hati.

Hata hivyo watu hao walikuwa walowezi, neno zito kwetu Waafrika, nami sikuweza kulisahau pale. Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Wenyeji wa asili, watu wa makabila ya Otoe na Missouria, walibakiziwa kipande kando ya mto Big Blue, nacho wakakipoteza: mwaka 1881 walihamishiwa Oklahoma. Zamu yangu ya kuingia ndani ilipofika, hilo ndilo nililolitafuta kwanza, na ninamsihi kila anayekwenda alitafute.

Atakayempeleka mbwa abebe maji ya kutosha na afike asubuhi, kabla lami haijachoma nyayo zake. Usiku ule nilikaa sakafuni jikoni nikimtoa Doa kupe wawili na mbegu zilizomnasa masikioni, naye amelala fofofo. Mwaka huu tutakwenda Septemba, wakati nyasi zimenipita kichwa.